Kutoa Mara ya Pili

Somo la ushirika wa nyumbani
Maandiko ya kusoma: 2 Wafalme 4:32-37, Marko 8:22-25, Luka 10:33-35, Wafilipi 4:15-16, Waebrania 10:10-14



Juma hili nataka tujifunze jambo ambalo wengi wetu hulipita haraka: kutoa mara ya pili. Kutoa mara ya kwanza tumehubiriwa sana. Tunajua habari za mjane na senti zake mbili, na za yule kijana na mikate yake mitano. Lakini je, mtu akishatoa, akashukuriwa, akarudi nyumbani kwake, halafu aambiwe, "Ile haikutosha, tunaomba tena"? Hapo ndipo tabia yake hujulikana. Mimi mwenyewe nilianguka hapo. Naomba nianze na ushuhuda huo, ingawa si wa kujisifu.

SIKU NILIYOSEMA "TAFUTENI WENGINE"

Miaka kadhaa iliyopita, mtoto wa dada mmoja wa ushirika wetu hapa Migori alilazwa. Alikuwa na miaka sita, na alikuwa na selimundu, ule ugonjwa ambao huku kwetu tunauita tu sikoseli. Damu yake ilikuwa imeshuka sana. Mchungaji alitangaza kwenye maombi ya Jumatano, na kesho yake tukaenda watu saba kutoa damu. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza. Sindano ile niliiogopa kuliko mtoto, nakiri, lakini mambo yaliisha upesi, nikapewa soda na biskuti. Mtoto akapata nafuu. Jumapili mama yake alisimama kushuhudia, kanisa likapiga vigelegele, na sisi saba tukaitwa mbele. Nisiwafiche: nilifurahia kusimama pale mbele.

Baada ya miezi mitano hivi, dada huyo alikuwa amerudi kwao upande wa Homa Bay. Jumamosi moja jioni simu ikalia. Mtoto amelazwa tena, damu imeshuka tena, wanatafuta watu wa kutoa. Akaniambia, "Japuonj, samahani kukusumbua tena."

Lile neno "tena" ndilo lililonichoma. Moyoni nikasema, kwani si nilishatoa? Na si tulikesha, tukaomba, tukatangaza kwamba mtoto amepona? Sasa hii ni nini? Lakini mdomoni nilikuwa mpole kabisa. Nikamwambia, "Dada, mimi nilitoa ile siku nyingine. Hebu tafuteni wengine pia, nao wabarikiwe."

Angalieni hilo neno "wabarikiwe". Nilikuwa nimeuvalisha uvivu wangu kanzu ya kanisa.

Hakubishana. Alisema, "Sawa, Japuonj, Mungu akubariki," simu ikakatika. Usiku ule sikulala vizuri. Jumapili mtoto akatajwa kwenye maombi, na mimi nikainua mikono pamoja na wengine nikimwomba Mungu atume mtu wa kusaidia. Nikiwa katikati ya maombi hayo, nikasikia moyoni: mtu gani? Si alishatumwa, akakataa?

Jumatatu asubuhi nilipanda matatu mpaka Rongo, nikashika nyingine ya kupitia Rodi Kopany mpaka Homa Bay. Nilipofika nilikuta mtoto ameshaongezewa damu. Vijana wawili wa bodaboda, waliokuwa wakingoja abiria nje ya lango, ndio waliotoa. Hawakuwa wa kanisa letu, wala hawakuwa ndugu zake, na mtoto mwenyewe hawakuwahi kumwona. Mmoja wao, niliambiwa, alikuwa ameshatoa mara nyingi, yaani walio pale walimjua kwa sura.

Muuguzi akaniuliza, "Mzee, wa kwako ameshapata. Bado unataka kutoa?"

Wapendwa, hilo swali ndilo lililozaa somo hili. Mara ya kwanza nilimtolea mtoto ninayemjua kwa jina, mbele ya kanisa linalonijua kwa jina. Sasa naulizwa kama niko tayari kumtolea mtu nisiyemjua, pasipo mtu wa kuniita mbele. Nilisimama kidogo, kisha nikakunja mkono wa shati. Mpaka leo sijui damu ile iliingia mwilini mwa nani. Nimetoa mara kadhaa tangu hapo, lakini ile ya Homa Bay ndiyo ninayoihesabu kuwa ya kwanza.

1. KUOMBWA TENA SI DALILI KWAMBA ILE YA KWANZA ILISHINDWA

Kosa langu lilianzia kwenye kutoelewa. Nilidhani damu tuliyotoa ilikuwa imepotea bure, na maombi yetu pia.

Hebu tuelewe. Chembe nyekundu za damu za mtu mzima wa afya ni za mviringo, na huishi karibu siku 120. Za mtoto mwenye selimundu hujikunja zikawa kama mundu, hukwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali, na nyingi hufa kwa siku 10 hadi 20 tu. Damu anayoongezewa humvusha, lakini nayo ina siku zake. Ilifanya kazi yake ikaisha, kama chakula cha jana kilivyofanya kazi yake kikaisha. Nani humwambia mtoto, "Si ulikula jana"?

Na nitasema jambo hili wazi kwa sababu ya minong'ono tunayoisikia vijijini: ugonjwa huu si laana, wala si kosa la mama. Mtoto huupata akirithi chembechembe yake kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Wabebaji ni wengi huku kando ya ziwa, kwa kuwa yule aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Basi mama akirudi mara ya tatu na ya nne kuomba msaada, asikutane na macho ya kumhukumu hapa kanisani.

2. ELISHA ALIPANDA TENA

Soma 2 Wafalme 4:32-37. Mtoto wa yule mama Mshunemi amekufa. Elisha anaingia, anafunga mlango, anaomba, kisha anajilaza juu ya mtoto. Mwili wa mtoto unapata joto. Joto tu! Hajafumbua macho, hajapumua.

Wengi wetu tungeishia hapo. Tungemwambia yule mama, "Mimi nimefanya sehemu yangu, sasa tumwachie Bwana." Lakini Biblia inatuonyesha Elisha akishuka, akitembea ndani ya nyumba huku na huku, kisha akipanda tena. Ni baada ya kupanda tena ndipo mtoto alipopiga chafya mara saba na kufumbua macho. Mimi hupenda kule kutembea huku na huku. Ni mtu aliyechoka, ambaye alichotoa kimefanya kazi nusu, naye anaamua kama atapanda tena.

Hata Bwana wetu mwenyewe, katika Marko 8:22-25, alimwekea kipofu mikono, na yule mtu akaona watu kama miti inayotembea. Yesu hakumlaumu kwa kukosa imani, wala hakumwambia aridhike na hayo. Alimwekea mikono tena, naye akaona vizuri. Kama Bwana hakuona aibu kurudia, mimi ni nani?

3. MARA SABA, KWA MTOTO WA NG'AMBO

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu kuna utoaji unaodai zaidi kuliko huu wetu wa damu. Ndani ya mifupa yetu mna uboho, na ndani ya uboho mna seli shina, yaani zile seli mama zinazozaa damu yote ya mwili. Mtu ambaye uboho wake umeharibika, kwa saratani ya damu kwa mfano, au mtoto aliyezaliwa bila kinga ya mwili, anaweza kusaidiwa kwa kupandikizwa seli shina za mtu mwingine.

Ugumu ni kwamba tishu za watu hao wawili lazima zilingane. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa. Jirani zetu wa Tanzania wameanza kazi hii: mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ilianza kuwapandikizia uboho watoto wenye selimundu, uboho ukitoka kwa ndugu zao wa tumbo moja. Lakini asiye na ndugu anayelingana naye afanye nini? Inabidi atafutwe mtu baki, mtu asiyemjua.

Mwaka 1973, mtoto mmoja mvulana huko New York, Marekani, alikuwa amezaliwa bila kinga ya mwili. Hakuna wa jamaa yake aliyefaa. Mtu wa kulingana naye alipatikana kupitia benki ya damu ya hospitali ya Rigshospitalet mjini Copenhagen, Denmark, ng'ambo ya bahari. Uboho wake ukapandikizwa, haukushika sawasawa. Ukapandikizwa tena, na tena. Ni baada ya mara ya saba ndipo damu ya mtoto yule ilipokaa sawa. Ulikuwa upandikizaji wa kwanza kufaulu kwa uboho wa mtu asiye ndugu.

Mara saba, wapendwa. Naamani naye alijichovya Yordani mara saba, lakini Naamani alikuwa anatafuta uponyaji wake mwenyewe. Huyu alikuwa anatafuta uponyaji wa mtoto wa mtu mwingine, wa nchi nyingine. Laiti angesema baada ya ile ya tatu, "Tafuteni wengine nao wabarikiwe"!

Leo duniani zipo orodha za watu waliojitolea kuwapa uboho wasiowajua. Ya kwanza ya namna hiyo ilianzishwa London mwaka 1974 na mama mmoja, Shirley Nolan, akimtafutia mwanawe Anthony mtu wa kulingana naye. Anthony alifariki mwaka 1979 bila kupata. Lakini orodha ile haikufungwa, na ukiunganisha orodha zote za dunia leo utapata zaidi ya watu milioni 40. Hata hivyo sisi watu wa asili ya Kiafrika tumo wachache sana. Kule Marekani, mgonjwa mzungu ana nafasi ya karibu 79 kwa mia ya kupata wa kulingana naye kabisa katika orodha yao. Mgonjwa mweusi ana 29 kwa mia. Ninyi wenye wana na mabinti ng'ambo, waambieni habari hii mkiongea nao kwenye simu.

4. KUTOA TENA KUNA GHARAMA, NA UNAIJUA

Anayetoa mara ya kwanza haijui njia. Anayetoa mara ya pili anaijua, na ndiyo maana ni vigumu zaidi.

Njia mojawapo ya kutoa uboho ni kulazwa usingizi wa dawa, kisha uboho unavutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga. Njia inayotumika zaidi siku hizi ni kuchomwa sindano kwa siku nne au tano ili seli shina zitoke mifupani ziingie kwenye damu. Hizo siku mifupa huuma kama mtu mwenye malaria. Halafu unaketi saa kadhaa, mashine ikivuta damu mkono mmoja, ikichuja seli shina na kurudisha damu iliyobaki mkono wa pili. Mwili hujaza tena kilichotoka baada ya majuma machache. Mungu alituumba hivyo, kwamba tunaweza kutoa uhai na tukabaki nao.

Kisha miezi inapita, simu inalia: uboho haukushika, au ugonjwa umerudi. Je, unaweza kutoa tena? Wakati mwingine haombwi uboho wenyewe bali chembe nyeupe za damu, ili zisaidie ule uliopandikizwa kupigana. Mtoaji hupimwa afya upya, na ana uhuru wa kusema hapana. Hakuna anayemlazimisha, wala halipwi. Kwa kawaida wakati huo hata jina la mgonjwa hajalijua.

Lakini kuna saa moja ambayo neno la mtoaji huwa zito kuliko zote. Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali zinazoua uboho wake mwenyewe. Zikishaingia, hana njia ya kurudi. Mtoaji akibadili nia siku hiyo, mgonjwa anaweza kufa. Ndiyo maana mtu huulizwa mapema, tena na tena, kama ana hakika. Bwana alitufundisha katika Mathayo 5:37 kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo kweli. Afadhali hapana ya mapema, iliyosemwa kwa unyofu, kuliko ndiyo ya Jumapili inayoyeyuka Jumatatu. Ni wangapi wamevunja kitu chao cha zamani kwa kutegemea ahadi yako? Mjane aliyeondoa mabati yake kwa sababu kanisa lilimwahidi nyumba, je, tulirudi?

5. MSAMARIA ALIPANGA MARA YA PILI KABLA YA KUOMBWA

Katika Luka 10:33-35 tunaona mtu aliyemsaidia asiye wa kabila lake. Hayo tumeyahubiri. Lakini soma mstari wa 35 polepole. Alitoa dinari mbili, kisha akamwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba kama kitahitajika zaidi, atalipa atakaporudi. Yaani alijua jeraha haliponi kwa siku moja. Aliiweka mara ya pili kwenye bajeti.

Wafilipi nao, Paulo anawakumbuka (Wafilipi 4:16) kwa sababu alipokuwa Thesalonike walimpelekea msaada zaidi ya mara moja. Makanisa yanayosaidia mara moja ni mengi. Hili la Filipi Paulo aliliandikia barua ya shukrani ambayo tunaisoma mpaka leo.

6. MMOJA TU ALITOA MARA MOJA IKATOSHA

Mtu asinielewe vibaya. Kutoa damu hakumwokoi mtu, hata akitoa mara mia. Waebrania 10:10-14 inasema kwamba makuhani wa kale walisimama kila siku wakirudia dhabihu zilezile, lakini Kristo alitoa mwili wake mara moja tu, akaketi. Yeye hahitaji kurudia, maana damu yake haina siku ya kuisha nguvu.

Damu yetu sisi huisha nguvu. Ile ya kwenye mfuko, painti moja, huhifadhiwa kwa siku kama 35 tu. Kwa hiyo yeye alitoa mara moja kwa kuwa alitosha, na sisi hutoa tena na tena kwa kuwa hatutoshi. Turudie bila kujivuna.

TUFANYE NINI?

Kwanza, hapa kwetu leo huenda hakuna atakayekuomba uboho, lakini damu inaombwa kila siku: mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto wa malaria kali, kijana wa ajali ya pikipiki, watoto wetu wa sikoseli. Hapa Kenya anayetoa awe na miaka 16 hadi 65, awe na uzito wa kilo 50 au zaidi, na awe na afya njema. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Uliza katika hospitali ya rufaa ya kaunti yako, Migori au Homa Bay.

Pili, usingoje tangazo la mtoto wa fulani. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu ya nchi hii imetoka kwa wanafunzi, na shule zikifungwa akiba hupungua. Hebu sisi watu wazima tujaze pengo la likizo. Naomba kila ushirika uandike tarehe zake za mwaka mzima, kama tunavyoandika zamu za kufagia kanisa.

Tatu, ukiulizwa maswali kabla ya kutoa, jibu ukweli. Maswali hayo yanamlinda mgonjwa. Na wewe ambaye afya yako haikuruhusu, usihukumiwe na mtu. Kuna nauli ya kumlipia anayekwenda, kuna mama wa kumkalisha chini na kumpikia uji wakati mtoto amelala wodini.

Nne, kuna mtu uliyemsaidia mara moja, naye sasa anaogopa kukupigia simu kwa sababu ya lile neno "tena". Wewe mpigie kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Yesu alimwekea yule kipofu mikono mara mbili? Linatufundisha nini kuhusu maombi ambayo jibu lake limekuja nusu?
2. Je, umewahi kutumia maneno ya kiroho kuficha kukataa? Shuhudia kama una ujasiri.
3. Katika ushirika wetu, ni nani ambaye hitaji lake linarudi kila mara? Tumekuwa tukimtazamaje?
4. Ni ahadi gani tuliyotoa kwa mtu, naye tayari ameitegemea?

MAOMBI

Baba, asante kwa Mwanao aliyetoa mara moja kwa ajili yetu sote. Utusamehe kwa kila mlango tulioufunga kwa sauti ya upole. Wakumbuke watoto wanaolala wodini usiku huu, huku Migori na kule Homa Bay, na mama zao wanaohesabu majina ya watu wa kupigia simu. Simu zetu zikilia tena, utupe mguu wa kuondoka mapema kabla mwingine hajaitwa. Katika jina la Yesu. Amina.